Kabla Hujampeleka Mbwa kwa Kinyozi

Kijana wa saluni aliligeuza sikio la kushoto la mbwa wangu Pamba, akaniita. "Dada, sogea uone." Nikasogea. Nyuma ya sikio, pale linapoungana na shingo, manyoya yalikuwa yameshikana yakawa kipande kimoja, kigumu kama soli ya kandambili. Akapitisha mashine chini yake taratibu, kile kipande kikabanduka kizima. Ngozi iliyobaki wazi ilikuwa nyekundu, ina majimaji, inanuka kama kitambaa kilicholala kwenye ndoo. Pamba alitulia tu. Nadhani alikuwa ameshazoea kuumwa.

Nilikuwa nikimchana kila jioni, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kila siku baada ya taarifa ya habari nilimpakata, nikapitisha brashi mgongoni mpaka akang'aa, wageni wakamsifu. Kumbe nilikuwa nachana vidole viwili vya juu tu. Chini, karibu na ngozi, manyoya yalikuwa yakijifunga wiki baada ya wiki bila mimi kujua.

Huu ni mwaka wa nne tangu siku ile. Kila tunapokwenda saluni huwa siondoki. Nakaa kwenye benchi, naangalia mikono ya yule kijana, nauliza. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningetamani mtu aniambie siku niliyomleta Pamba nyumbani akiwa ndani ya kikapu. Kubwa kuliko yote ni hili: saa mbili za kinyozi haziwezi kulipa wiki sita za nyumbani. Anachokifanya mezani, kama kitauma au hakitauma, wewe ndiye umekiamua kabla hujafika mlangoni kwake.

Wapo wanaoiona saluni ya mbwa kuwa anasa ya watu wa Masaki na Oysterbay, Dar es Salaam. Naelewa kwa nini. Mbwa tuliokua nao walikuwa wa ulinzi, manyoya mafupi, wanalala nje, na mvua ya masika ndiyo iliyokuwa bafu lao. Mbwa hao bado wapo na mkasi hawauhitaji. Lakini siku hizi wameingia majumbani mbwa wadogo wa manyoya marefu, Maltese, Poodle, Shih Tzu na machotara wao, nasi tumewaleta kwenye joto na unyevu wa pwani bila kujifunza wanavyotunzwa. Manyoya yao hayapukutiki sana kama ya mbwa wengine. Yanaendelea kuota tu, kama nywele za kichwani mwa mtu, mpaka yamzibe macho na kunasa choo mkiani. Ukimchukua mbwa wa aina hii umemchukua pamoja na kinyozi wake, kila baada ya wiki nne hadi nane, kwa maisha yake yote. Ipigie hesabu gharama hiyo kabla hujamlipia mtoto wa mbwa.

Sasa turudi kwenye lile fundo la nyuma ya sikio, maana hapo ndipo ugomvi mwingi kati ya wenye mbwa na vinyozi unapoanzia. Unywele uliokatika kwa mbwa wa manyoya marefu haudondoki chini. Unanasa kwa wenzake. Mbwa akijikuna, akilalia ubavu, ukosi ukimsugua, unywele ule unajisokota na wa jirani, na fundo linazaliwa. Mahali pake panajulikana: nyuma ya masikio, chini ya ukosi, kwapani, mapajani kwa ndani, katikati ya vidole, na shina la mkia. Ukiwa na dakika tano tu jioni, acha mgongo, shika maeneo hayo sita.

Kosa linaloharibu kabisa ni kumwogesha mbwa mwenye mafundo ukidhani maji yatayalegeza. Manyoya yakilowa yanajikaza, na yakikauka fundo limefungwa maradufu. Povu nalo linabaki ndani, linakaa kwenye ngozi siku kadhaa, ngozi inaanza kuwasha. Kwa hiyo chana kwanza, ogesha baadaye.

Kuchana kwenyewe, aliyewahi kusukwa ataielewa njia hii mara moja, kwa sababu msusi hakamati kichwa kizima kwa mpigo. Mlaze mbwa ubavu. Kwa mkono mmoja yainue manyoya yote kuelekea juu mpaka uone mstari wa ngozi. Shusha safu nyembamba, ichane kuanzia nchani, kisha katikati, mwisho shinani. Shusha safu nyingine. Ukimaliza na brashi, chukua kitana cha chuma ukipitishe kuanzia kwenye ngozi hadi nje. Kikipita bila kukwama, umemaliza. Kikikwama, bado hujachana hata kama mbwa anang'aa kama wa kwenye kalenda. Kitana hicho cha chuma ndicho kifaa cha kwanza ninachowaambia watu wanunue, kabla ya shampuu, kabla ya utepe wa kichwani.

Fundo dogo unaweza kulifungua kwa vidole, kidogo kidogo, ukiwa umelishika shinani ili usivute ngozi. Usilikate kwa mkasi wa nyumbani. Ngozi ya mbwa ni laini na inavutwa juu ikaingia ndani ya fundo bila wewe kuiona. Wengi wamekata ngozi wakidhani wanakata manyoya, safari ikaishia kwa daktari wa mifugo kushonwa.

Na mafundo yakishaungana yakawa kama zulia, kinyozi mwaminifu atakwambia, "Huyu tumnyoe chini." Usigombane naye. Atatumia wembe wa mashine namba 10, unaoacha manyoya ya kama milimita 1.5, kwa sababu huo ndio unaopita salama kati ya ngozi na fundo. Kumng'ang'ania avute kwa kitana saa tatu ili tu mbwa abaki na manyoya marefu ni kumtesa mnyama kwa ajili ya macho yetu. Manyoya yataota. Mbwa akishateswa mezani, hofu yake inadumu kuliko manyoya.

Baada ya kunyolewa hivyo, siku mbili tatu za kwanza uwe karibu naye. Masikio yaliyokuwa yamebeba uzito wa mafundo yakiwa mepesi ghafla, mbwa huyapiga kwa kutikisa kichwa, na mishipa midogo inaweza kupasuka damu ikajaa ndani ya sikio. Ukiona sikio limevimba laini kama puto, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Usimwache juani saa za mchana pia. Ngozi ambayo haijaona jua muda mrefu inaungua kama yetu.

Hayo ni ya mbwa wa manyoya yanayoota bila kikomo. Kuna kundi la pili ambalo kosa lake ni kinyume kabisa, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu nimeona likifanywa kwa nia njema.

Mzee mmoja jirani yetu ana German Shepherd anayeitwa Simba. Mwezi wa Januari, joto la Dar es Salaam unalijua, mzee akamwonea huruma mbwa wake anayehema mchana kutwa, akampeleka saluni moja anyolewe "apate hewa." Hawakumuuliza chochote. Wakamnyoa kipara mwili mzima. Aliporudi alikuwa kama mbwa mwingine, na alihema vilevile, pengine zaidi. Wiki ya pili mgongo ukaanza kubabuka. Mwaka uliofuata manyoya ya mabegani yalikuwa yamerudi, lakini kiunoni na mapajani yaliota sufi ya kijivu isiyo na mpangilio, na sehemu moja kubwa kama kiganja haikuota kitu. Mzee hunionyesha kila nikipita, anapapasa pale mahali kwa kidole.

Mbwa kama Simba, na wenzake Husky, Golden Retriever na spitz wa Kijapani, wana manyoya ya tabaka mbili. La nje ni gumu na refu, linazuia jua na maji. La ndani ni sufi laini linaloshika hewa karibu na ngozi. Hewa ile inayowakinga na baridi huko kwao ndiyo hiyohiyo inayochelewesha joto la jua kufika mwilini. Na mbwa hapoi kwa jasho la mwili kama sisi. Anatoa jasho kidogo tu kwenye nyayo. Kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kuhema. Kwa hiyo kumvua manyoya hakumpi ile nafuu tunayoipata sisi tukivua koti. Unamwondolea kivuli chake. Zaidi ya hapo, sufi ya ndani huwahi kuota kuliko manyoya ya nje, na kwa baadhi ya mbwa ya nje hayarudi tena kama zamani.

Anachohitaji mbwa huyo kwenye joto ni sufi iliyokufa itolewe ili hewa ipite. Saluni nzuri inafanya kazi hiyo vizuri kuliko wewe: wanamwogesha, wanampulizia upepo wa nguvu unaorusha sufi nje kama pamba ya mto uliopasuka, kisha wanapitisha kitana chenye meno marefu kama reki. Kwetu, ambako hakuna majira ya baridi, wengi wao hupukutika karibu mwaka mzima, hivyo nyumbani mchane angalau mara mbili kwa wiki. Na ukifika saluni useme kwa mdomo wako, hata kama hujaulizwa: "Huyu asinyolewe. Aogeshwe, akaushwe, achanwe." Daktari akitaka anyolewe sehemu kwa ajili ya kidonda au upasuaji, hilo ni jambo jingine.

Mbwa wa manyoya mafupi, Boerboel au wa kienyeji, wana mahitaji machache. Glavu ya mpira ya kusugulia, bafu kila mwezi au miezi miwili, kucha, masikio. Basi.

Kuchagua saluni kunawasumbua watu, na wengi huanza na bei au picha za mtandaoni. Picha inakuonyesha mbwa alivyotoka, haikuonyeshi alivyoshikwa. Nenda siku moja bila mbwa, omba kukaa dakika 20, angalia mikono. Kinyozi mzuri anamgusa mbwa kabla ya kuwasha mashine, anamwachia ainuse, anamshika mguu karibu na kiwiko badala ya kuuvuta pembeni. Anaweka mgongo wa mkono kwenye wembe kila baada ya muda, kwa sababu wembe wa mashine unapata moto na kuunguza ngozi. Usitafute cheti ukutani tu. Hata Uingereza, ambako kuna vyeti vya fani hii vya City & Guilds, sheria haimlazimishi mtu kuwa nacho ili afungue saluni. Mikono ndiyo itakayokwambia ukweli.

Angalia pia ile kamba ya shingoni iliyofungwa kwenye nguzo ya meza. Kazi yake ni kumzuia mbwa asiruke, na ni halali kuitumia, lakini mbwa aliyefungwa hivyo haachwi peke yake hata sekunde moja. Akiruka huku shingo imefungwa, ananyongwa. Ukimwona kinyozi anakwenda mlangoni kupokea simu huku mbwa amefungwa mezani, aga kwa heshima uondoke.

Kisha uliza mbwa anakaushwaje. Kuna mashine za kushikwa mkononi, na kuna sanduku au kizimba kinachopuliziwa hewa ya moto mbwa akiwa ndani. Kizimba chenye joto kimeua mbwa katika nchi mbalimbali, hasa wale wa pua bapa kama Pug na Bulldog, ambao kuhema kwenyewe ni shida. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, likipita 41 ni hatari ya kufa. Mimi sikubali kizimba chenye joto kwa mbwa yeyote, na kwa hali ya hewa yetu sioni sababu yake. Upepo usio na moto, taulo mbili, na subira vinatosha. Uliza na umeme ukikatika wanafanyaje, maana mbwa wa manyoya mengi akibaki na unyevu kwenye ngozi, kwa unyevu huu wa pwani, kidonda chenye majimaji hutokea ndani ya siku moja au mbili.

Swali langu jingine huwa hili: "Mbwa akigoma, mnafanyaje?" Jibu ninalolitaka ni "tunasimama, tunampumzisha, ikishindikana tunakupigia simu uje." Jibu la "tunampa kidonge alale" linatosha kukutoa hapo. Dawa ya usingizi ni ya daktari wa mifugo, anayepima moyo na uzito kwanza na kukaa na mnyama mpaka aamke.

Wao nao wakikuuliza cheti cha chanjo, usikasirike. Furahi. Kichaa cha mbwa bado kipo kwetu, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa ugonjwa huo huupata kwa mbwa. Kijana anayeshika midomo ya mbwa kila siku ana haki ya kujua. Virusi vya parvo navyo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, vinaweza kudumu kwenye sakafu miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Vinauawa na dawa ya klorini, ile tunayoiita jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, baada ya uchafu kusuguliwa kwanza. Uliza wanasafisha na nini meza na beseni baada ya kila mbwa.

Kuhusu sabuni nitasema wazi. Ngozi ya mbwa haina asidi kama ya mtu. Iko karibu zaidi na pH 7. Sabuni ya kufulia, sabuni ya kipande ya kuogea, hata shampuu yako nzuri ya bei, inaikausha, inaipasua, inaiwasha. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikiingia kwenye maji ya ndoo, ambazo nyumba nyingi humwagia mbwa "asinuke," zinaunguza ngozi na mbwa huzilamba. Mbwa anayenuka wiki moja baada ya kuoga mara nyingi ana ugonjwa wa ngozi, masikio au meno, na dawa yake haiko kwenye ndoo. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, kama sisi wengi wa hapa, suuza ya mwisho fanya kwa maji yasiyo na chumvi, ndoo moja tu, na mbwa akitoka kuogelea baharini fanya hivyohivyo.

Kinyozi mzuri ni jicho lako la pili kwa sababu anafika usikofika wewe. Mbwa wa ndugu yangu aligunduliwa uvimbe wa ziwa pale mezani, mdogo kama punje ya choroko, ukatolewa mapema. Lakini kinachoonekana zaidi ni kupe. Baada ya mvua wanakuwa wengi, na huyu kupe wa kahawia wa mbwa anaishi hadi kwenye nyufa za kuta za nyumba. Ndiye anayeambukiza erlikia, mojawapo ya magonjwa tunayoyaita kwa jumla homa ya kupe. Mbwa anakosa hamu ya kula, fizi zinapauka, pua inaweza kutoa damu. Kupe anajificha ndani ya sikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Mtoe kwa kibano kilichomshika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa acha. Yanamchubua mbwa na kupe hatoki haraka zaidi.

Naomba pia tuache kuwaogesha mbwa kwa dawa ya josho iliyobaki kwa ng'ombe. Vipimo vyake ni vya mnyama mkubwa asiyejilamba kama mbwa. Baadhi zina amitrazi, ambayo mbwa akipata nyingi anasinzia, moyo unapungua kasi, anaweza kufa. Zipo dawa za matone na za kutafuna zilizopimwa kwa kilo za mbwa. Mwambie daktari uzito wake. Na kama una paka nyumbani, dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini isimkaribie. Inaua paka.

Vipele vyenye tundu dogo katikati, hasa tumboni na mapajani, mara nyingi ni funza wa nzi wa maembe. Nzi huyo hutaga mayai kwenye mchanga au kitambaa chenye unyevu, na funza huingia kwenye ngozi ya mbwa anapolala juu yake. Matandiko ya mbwa yafuliwe, yakauke juani kabisa, yapigwe pasi. Kwenye udongo mkavu wa vumbi angalia tekenya nao, kati ya vidole na pembeni mwa kucha.

Kucha zinastahili aya yake. Sikiliza mbwa wako anapotembea kwenye vigae: akilia tik-tik-tik, kucha zimezidi. Ukucha mrefu unasukuma kidole nyuma, mbwa anakaa vibaya miguuni, na kwa mzee kiuno na magoti huumia. Kuna pia ukucha wa ndani ya mguu wa mbele, usiogusa ardhi. Huo hausagiki, unajikunja, na nimeuona kwa macho yangu ukiwa umeingia kwenye nyama ya mguu kama ndoana. Ndani ya kila ukucha kuna nyama hai yenye damu na mshipa wa fahamu. Kwa ukucha mweupe unaiona ikiwa ya waridi. Kwa mweusi huioni, hivyo unakata vipande vyembamba sana, na kila mkato unaangalia uso wa ukucha. Ukiona kitone chenye rangi tofauti katikati, simama. Ukikosea damu ikatoka, usiogope, weka unga wa mahindi laini au poda ya kukaushia damu, bonyeza dakika chache. Kata kidogo kila wiki tatu au nne na ile nyama ya ndani itarudi nyuma yenyewe.

Masikio: pamba yenye dawa ya masikio kwa nje, hakuna kijiti cha pamba ndani. Vile vifuko viwili vya harufu kando ya tundu la haja havihitaji kukamuliwa kwa mbwa mzima asiye na tatizo, na saluni inayovikamua kila mara bila kuuliza inaweza kuvisababishia uvimbe. Mbwa akijiburuza makalio chini, daktari aangalie.

Mtoto wa mbwa usimngoje mpaka awe kichaka. Kuanzia wiki anayofika nyumbani, mguse nyayo, mfungue mdomo, washa mashine ya kunyolea karibu naye bila kumnyoa, mpe kipande cha nyama. Umri wa wiki 3 hadi 14 ndipo mbwa anapojifunza kipi ni cha kawaida duniani. Chanjo zake zikikamilika, mara nyingi karibu na wiki ya 16, mpeleke saluni akakatwe kucha na kuchanwa tu, arudi. Mbwa mzee naye usimsimamishe saa tatu. Omba afanyiwe kwa awamu mbili, na meza iwe na mkeka usioteleza.

Siku yenyewe, mwambie kinyozi ukweli wote. Kama aliwahi kung'ata, sema. Kama ana kifafa, moyo, mimba, au anatumia dawa, sema. Mwonyeshe kidonda au chunjua yoyote kabla mashine haijaipitia. Na usiseme "mnyoe vizuri," neno hilo halina kipimo. Onyesha kwa kidole: mwilini urefu huu, miguuni huu, mkia usiguswe. Ukirudi kumchukua, mpapase mwili mzima mbele yake, kwapani na kwenye mapaja, uangalie wekundu wa mashine. Ukiuona, uulize hapohapo kwa utulivu. Kinyozi anayejali atakuwa ameshakwambia kabla hujauliza.

Chukua nafasi ya kwanza ya asubuhi kabla joto halijapanda, mbwa awe ameshatembezwa na kujisaidia, tumbo lisiwe limejaa. Ukienda kwa bajaji, mwombe dereva ruhusa kwanza. Wengi hawapendi mbwa, na wapo ambao dini yao inawataka wajitwaharishe wakiguswa na mate yake. Mimi hubeba kikapu na shuka nene, na sijawahi kukataliwa mara mbili. Saluni yetu hufungua saa mbili. Pamba huwa wa kwanza, na kitana cha chuma kiko mkononi mwangu njia nzima, nampitia nyuma ya sikio la kushoto.